Kufuli Kwenye Koki ya Tenki

Jumatano, siku za mwisho za Agosti. Mugumu. Jua tangu asubuhi, upepo wa vumbi, na hakuna wingu hata la kutudanganya.

Naandika kwa simu, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Mfukoni mwa sketi nina ufunguo mdogo wa kufuli. Kila nikijigeuza unanichoma pajani na siutoi. Acha unichome.

Baba mkwe wangu yuko ndani, ametundikiwa dripu. Daktari amesema usiku wa leo ndio wa kuangalia. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi kwa sababu niliogopa jibu.

Ngoja nianze mwanzo. Nikiacha kuandika nitaanza tena kulia mbele za watu, na mimi kulia mbele za watu sijazoea.

Yote haya yaliletwa na majani. Ndiyo, majani, haya ya kukanyaga.

Mume wangu Marwa ni dereva wa watalii. Anashinda mbugani siku nyingi, analala kwenye kambi zenye bustani za kijani katikati ya nyika kavu, halafu anarudi nyumbani na mawazo. Mwaka jana alirudi na viroba vya ukoka nyuma ya gari, akapanda uwanja mzima kutoka getini mpaka kwenye chumba cha uani. Mimi nilitaka mchicha. Nilimwambia wazi, Marwa, majani yasiyoliwa na mtu wala ng'ombe ni ya kazi gani? Akasema nyumba isiyo na majani ni kama bwana harusi aliyevaa suti na ndala. Haya. Masika yakapita, majani yakapendeza kweli, jirani wakaja kupigia picha za kipaimara pale, nikafunga mdomo.

Kisha kiangazi kikaja na mgawo wa maji. Bomba letu linatoka huko bwawani Manchira, na sasa linatoka mara moja kwa wiki, wiki nyingine halitoki kabisa. Siku likitoka tunajaza tenki letu la lita elfu moja lililosimama pembeni ya nyumba, na hilo ndilo tunalomwomba Mungu lifike mgawo ujao. Likawa halifiki.

Marwa alisema tatizo liko ndani. Eti nasuuza vyombo kama naosha gari, nafua kama nimeajiriwa. Mimi nikasema tatizo ni majani yake, yanakunywa kuliko zizi la ng'ombe. Jumamosi nzima tulibishana mpaka sauti zikavuka ukuta. Mwisho, akiwa anafunga begi la safari, akasema: "Basi pima. Pima ndani peke yake, halafu pima majani peke yake. Nikirudi utaniambia nani mwizi wa maji."

Sisi Wakurya ukituambia pima, tunapima.

Jumapili nikaacha kumwagilia majani. Nikaweka pipa koridoni, nikatangaza kwamba matumizi yote ya ndani yanatoka humo na bomba la ndani lisiguswe. Kuoga ndoo moja kwa mtu mzima, nusu ndoo kwa kila mtoto, na hakuna kurudia. Choo ni kumwaga kwa dumu. Vyombo ni mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuza. Wanangu wawili walinitazama kama askari jela, lakini walifuata.

Pipa lilikuwa rahisi, unaona yaliyobaki. Tenki ndilo lina siri yake, maana huoni ndani. Lakini ukiligonga kwa ngumi kuanzia juu linalia tupu, tupu, tupu, halafu ghafla sauti inabana. Hapo ndipo maji yalipofika. Basi kila asubuhi nikishajaza pipa, nagonga, naweka mstari wa chaki. Kesho yake kabla sijachota tone, nagonga tena. Kama hakuna aliyegusa koki, sauti inatakiwa kubana palepale kwenye chaki.

Jumatatu asubuhi haikubana pale. Ilikuwa chini kwa upana wa vidole viwili.

Nilidhani nimegonga vibaya. Jumanne asubuhi tena, vidole viwili na zaidi. Nilichota ndoo nikapima ndoo moja inashusha kiasi gani, nikaona kwamba kila siku zinaondoka karibu ndoo mbili ambazo mimi sizijui. Nikapapasa chini ya koki, pakavu. Hakuna panapovuja. Mtu alikuwa anachota.

Na mtu mwingine hapa nyumbani ni mmoja tu, ni tata.

Tata ni baba, kwa Kikurya, na ndivyo ninavyomwita baba yake Marwa. Kwao ni Mbalibali. Amekuja kwetu tangu mwezi uliopita kwa sababu macho yake yameingia ukungu, anasubiri daktari wa macho afike. Analala chumba cha uani. Mzee mpole, mrefu, haachi koti lake hata jua la saa sita, na siku hizi koti limekuwa kubwa kuliko yeye. Nilidhani ni uzee. Chakula nilichompelekea alikuwa anamaliza chote, basi mimi nikajipongeza kwamba napika vizuri.

Kwa asiyejua desturi zetu, mkwe na mke wa mwanawe hawagusani wala hawazoeani. Simpi mkono. Siingii anapolala. Yeye haingii jikoni kwangu, hatumii bafu ninaloogea wala choo ninachotumia mimi. Chakula chake na jagi lake la maji vinabebwa na binti yangu Ghati. Nikipita namwamkia shikamoo nikiwa nimeangalia pembeni, naye anaitikia akiwa ameangalia pembeni. Hiyo ndiyo heshima, na nimeishi nayo tangu niolewe kutoka kwetu Turwa bila kuona ubaya wake.

Sasa utamuulizaje mtu kama huyo, tata, wewe ndiye unayeiba maji?

Jumanne jioni nikazunguka uwanja kutafuta ushahidi. Majani ya Marwa yalikuwa yameshaanza kuwa rangi ya mkeka, jambo ambalo lilinifurahisha, sitadanganya. Lakini nyuma ya chumba cha tata, kwenye kona ya uzio, palikuwa na kipande cha kijani, laini, kibichi kana kwamba mvua imenyesha pale peke yake. Na nje ya uzio huohuo ndiyo njia ya mifugo. Kulikuwa na mavi mabichi ya ng'ombe pale pale, hatua moja tu kutoka kwenye ile kona ya kijani.

Nikajua. Yaani nilijua kwa uhakika ule wa mtu ambaye hajui kitu.

Tata amechunga maisha yake yote. Akiona ng'ombe amelegeza ulimi njiani, hata awe wa mtu asiyemjua, hawezi kula akashiba. Nikamwona kabisa kwa macho ya moyo akichota ndoo yangu, akiipitisha juu ya uzio, akiwanywesha ng'ombe wa watu, na mengine yakimwagikia pale. Na mimi ndani nawapimia wanangu nusu ndoo! Damu ilinichemka. Hivi tunaoga kama tuko vitani ili ng'ombe wa fulani wapate?

Marwa hapatikani akiwa mbugani. Wifi yangu Bhoke yuko Tarime, lakini ningempigia angesema namnyima baba yake maji, na ukoo mzima ungejua kabla ya chakula cha usiku.

Nikanunua kufuli.

Asubuhi ya leo nilijaza pipa, nikafunga koki. Ina tundu la kupitishia kufuli, ilikuja nalo, hatukuwahi kulitumia. Tata alikuwa amekaa kwenye kigoda chake juu ya majani, kichwa amekiinamisha upande wa sauti, maana haoni vizuri. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akauliza, taratibu, "Wezi wamezidi?"

"Wamezidi, tata."

Akatikisa kichwa. Mimi nikaweka ufunguo mfukoni, nikaenda kazini nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Za mwizi ni arobaini, nilikuwa najisemea.

Nina steshenari ndogo karibu na stendi, ninachapa barua na kutoa kopi. Asubuhi nzima nilikuwa na furaha. Niandike hivyo hivyo bila kupamba: nilikuwa na furaha. Nilikuwa nasubiri nione nani atakuja kuniomba ufunguo.

Mchana nikafunga duka nikarudi nyumbani, watoto wakiwa bado shuleni. Sikurudi kwa huruma. Nilirudi kuona nani amenuna.

Jana nilikuwa nimefua, na maji ya kusuuzia nilikuwa nimeyaacha kwenye beseni chini ya kamba ya nguo, pembeni ya chumba cha tata. Ndiyo yaliyobaki ya kuyapa majani ya Marwa, nilijisemea, yapewe hayo hayo yenye povu. Nilipofungua geti nikamwona tata amepiga magoti mbele ya lile beseni. Koti lake liko begani. Anachota kwa viganja vyote viwili, anakunywa.

Anakunywa maji ya sabuni.

Alisikia geti. Aliona aibu, nilimwona anavyoona aibu. Alijifuta ndevu haraka haraka, akavuta koti likae vizuri, akajaribu kusimama mbele yangu kama mzee mwenye heshima zake. Akasimama nusu. Kisha miguu ikakataa na akaanguka kwa ubavu, pale nyuma ya chumba chake, kwenye ile kona ya kijani.

Na mimi nikasimama.

Hili ndilo linalonisumbua hapa kwenye benchi. Kufuli ni kosa la hasira, na hasira ninazo, kila mtu anajua. Lakini mzee ameanguka, mdomo umekauka mpaka umepasuka, anahema kwa nguvu, na mimi mikono yangu ilikataa kwenda. Nilikuwa nimeinyoosha halafu nimeirudisha. Nilipiga kelele kumwita jirani badala ya kumshika. Miaka yote ya kuangalia pembeni ilikuwa imenifunga mikono kuliko nilivyofunga ile koki.

Jirani yangu Bi Zuhura, muuza vitambaa, alikuja mbio kanga begani. Yeye ni Mwislamu, wazazi wake walihamia huku kutoka Pwani, lakini amekaa na sisi muda mrefu na anajua mambo yetu yote. Alinitazama mara moja tu.

"Mshike, mama! Unamsubiri nani?"

Nikamshika. Nikapiga magoti kwenye majani, nikampitisha mkono chini ya shingo. Alikuwa mwepesi, jamani. Mzee mrefu vile, na nilimwinua kama namwinua Ghati. Mkono wangu mwingine ulikuwa chini kwenye ukoka, nikahisi unatambaliwa. Sisimizi. Walikuwa wamejaa pale kwenye kijani, mstari mnene unatoka ukutani, hawajali hata kwamba tumewaangukia.

Nikakumbuka choo cha shangazi yangu kule Turwa. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunacheka kwamba sisimizi wanampenda shangazi, popote anapojisaidia wanakuja kumsalimia. Tulicheka mpaka siku aliyopoteza fahamu, ndipo tukaambiwa ni sukari.

Kumbe hakuna ng'ombe aliyenyweshwa. Tata alikuwa na kiu. Alikuwa anachota maji, anakunywa, halafu yanamtoka muda wote, na kwa macho yale yenye ukungu choo cha shimo kule mwisho wa uwanja hakioni kukiwa na giza. Basi akawa anajisaidia nyuma ya chumba chake, kisha kwa adabu zake anachota tena anamwagia majani yasinuke, mke wa mwanawe asije akakanyaga. Hizo ndizo ndoo zangu mbili. Hicho ndicho kijani changu.

Bi Zuhura alisimamisha bajaji. Njiani nilimshikilia tata kifuani kwangu. Alikuwa amefumba macho, sijui kwa ugonjwa au kwa aibu.

Hapa wamemtoboa kidole wakapima. Mashine haikutoa namba, nesi alisema imepanda kuliko inavyoweza kusoma. Daktari, kijana mwenye sauti ya haraka, akaniuliza kama mzee amekuwa akinywa maji sana.

"Sana," nikasema.

"Sana kiasi gani? Kwa siku, kwa kukadiria tu."

Nilikuwa na jibu. Ndiyo maajabu yake. Nimegonga tenki, nimeweka chaki, nimepima kwa vidole, na katika familia yote mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na jibu. Nikamwambia kila siku anachota karibu ndoo mbili, nyingine anamwagia chini, lakini anayokunywa ni mengi, ni zaidi ya jagi na jagi na jagi. Akasema vizuri mama, una uangalifu. Akauliza na leo amekunywa kiasi gani.

Nikasema leo ni jagi la asubuhi tu. Akauliza kwa nini. Nikasema maji yalikuwa yamefungwa.

Hakuuliza yamefungwa na nani. Pengine alidhani ni mgawo. Nami nikamwacha adhani hivyo, na hilo nalo naliandika hapa ili lisije likanipotea.

Baadaye akaja nesi na chombo cha plastiki chenye mistari ubavuni, na kikombe. Akasema kila anachokunywa mzee nipime, na kila anachokojoa nipime, kwa sababu bila kujua kinachoingia na kinachotoka hawajui kama figo zinafanya kazi. Akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema ni mke wa mwanawe. Nesi ni wa hukuhuku, alielewa. Akainamisha macho akasema, "Pole, mama. Lakini mimi nina wodi nzima, na nikipita ndiyo nimepita." Shemeji zangu wako mbali, Bhoke atafika kesho kwa basi la asubuhi. Bi Zuhura amekwenda kukaa na wanangu. Nimebaki mimi.

Nikasogea na kile chombo. Tata akageukia ukutani.

Nikasema, tata, daktari ameagiza. Nikasema sitaangalia. Nilimwona anavyojibana, miguu imekunjwa, jasho usoni, mzee amebeba mkojo kama amebeba mzigo wa mtu mwingine, na dripu inaendelea kudondosha. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi hili. Nikarudi. Bado ukutani.

Basi nikafanya kitu kimoja nilichoweza. Nikapiga magoti kando ya kitanda upande ule wa ukuta, pale uso wake ulipo, nikatoa ufunguo.

"Tata, kufuli nilifunga mimi."

Akafumbua macho. "Nilikusikia ukifunga."

"Nilidhani unanywesha ng'ombe wa watu."

Akafumba macho tena. Halafu mabega yakaanza kumtikisika nikaogopa, nikataka kuita nesi. Kumbe anacheka. Kicheko chenyewe kikavu, hakina nguvu, lakini ni kicheko. Akasema, "Ningekuwa na nguvu, ningewanywesha."

Sikuweza kucheka. Nikamuuliza kwa nini hakusema ana kiu. Kwa nini hakumtuma Ghati. Kwa nini hakunidai ufunguo, hata kwa matusi, mimi matusi ningeyaelewa.

"Mnawapimia watoto nusu ndoo," akasema. "Nilikuwa nasikia. Mzee mzima niende kumlilia mke wa mwanangu, nipe maji?" Akapumzika. "Na wewe ulisema wezi wamezidi."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mbele za watu, wodi nzima, wagonjwa na ndugu zao, na sikujali.

Akaniacha nilie. Kisha akanyoosha mkono, ule usio na dripu, akaonyesha kile chombo bila kukiangalia. Akasema kwamba akitoka hapa mzima tutaita wazee, tutachinja mbuzi, tuondolewe aibu hii mimi na yeye, maana imeshavunjika na haiungiki kwa kuificha. Nikasema mbuzi nitamtoa mimi. Akasema ndiyo, utamtoa wewe, kosa ni lako. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba mbuzi huyo niende kumchukua mapema nimfunge pale uwanjani, ale kwanza yale majani ya Marwa mpaka yaishe.

Mura, huyu mzee!

Nikageuza uso, nikashika chombo. Sitaandika zaidi ya hapo. Nilisoma mstari, nikamwambia nesi, nesi akaandika, akasema figo bado zinafanya kazi, lakini usiku ni mrefu.

Sasa jua limeshuka na nimerudi kwenye benchi. Mkono wangu bado unawasha walipopita wale sisimizi. Nafikiria nyumba yangu ilivyo. Sahani ngapi nimepeleka kwa yule mzee kwa mkono wa mtoto, sijawahi hata mara moja kumtazama uso nikaona macho yameingia ndani na mdomo umekauka. Tenki nililigonga kila siku. Yeye sikumgongea hata mlango. Tulipeana heshima mpaka nusura imuue, na sijui nimlaumu nani, desturi au moyo wangu. Desturi haikuninunulia kufuli.

Nampenda mzee huyu. Sikujua. Nimelijua leo nikiwa nimembeba kwenye bajaji na kichwa chake kwenye bega langu.

Simu imelia ujumbe sasa hivi. Ni Marwa, amepata mtandao huko aliko. Hajui lolote. Ameandika: "Umemaliza kupima? Mwizi nani?"

Nimeandika jibu nikafuta. Nimeandika tena nikafuta. Nimempigia, mtandao umeshapotea. Mwishowe nimetuma hivi: "Baba amelazwa, sukari imepanda sana, nipo naye. Koki nilifunga kwa kufuli, mimi. Njoo." Alama ya kwamba umefika haijatokea. Utafika utakapofika, na atakapokuja nitamwambia tena kwa mdomo wangu, mbele ya dada yake, mbele ya hao wazee wa mbuzi, mbele ya yeyote.

Nikirudi nyumbani nitaitupa ile kufuli kwenye choo cha shimo, na ufunguo wake. Majani yakifa yafe. Na kama Mungu ataniachia huyu mzee, jagi lake nitalipeleka mwenyewe, nitaligonga juu ya meza alisikie, nitasimama pale mpaka anywe. Lakini je, ataniachia? Kesho iko mbali sana kutoka kwenye benchi hili.

Kuna mtu anaita ndani. Sauti ni ya chini, imekwaruza, nimelazimika kusimama ili nisikie vizuri.

Ni yeye. Tangu niolewe hajawahi kuniomba kitu chochote.

"Mama Ghati. Nipe maji."